Sikio Linapopoteza Mwisho wa Neno: Mbinu za Wanafunzi wa China kwa Msikilizaji wa Mbuya

Mwanafunzi aliyemaliza sekondari Goma, akaja Kampala na kupanga chumba Kinawataka, bondeni mwa kilima cha Mbuya, kwa kawaida hashindwi na Kiingereza cha kitabuni. Mpe kurasa kumi za uhasibu, atazipitia na kamusi yake mpaka azielewe. Kinachomshinda ni mhadhara wa saa mbili pale Nakawa, katika Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere (MUBS), ambako sauti hupita mara moja na hairudi. Mtu huyohuyo anayeweza kuandika "they had asked them to leave" bila kosa, akiyasikia maneno hayo redioni huambulia mawili tu. Yote sita anayajua.

Shida hii ya kujua neno kwa macho na kutolijua kwa masikio ndiyo iliyowakalisha wanafunzi wa vyuo vikuu vya China na hedifoni masikioni kwa miongo kadhaa. Nimeamua kuchambua walivyoikabili kwa sababu moja kubwa: sikio la Mchina na sikio la Mswahili, yakiwekwa mbele ya Kiingereza, hukosea karibu mahali palepale. Na Mbuya, penye kambi ya jeshi ambalo limesema Kiswahili tangu enzi za jeshi la kikoloni la King's African Rifles, ni mojawapo ya vilima vya Kampala ambako wasikilizaji wa aina hiyo hawakosekani.

Tuanze na mtihani, maana ndio uliotengeneza mbinu. Tangu 1987 China ina mtihani wa Kiingereza kwa wanafunzi wa vyuo vikuu ambao hawasomei lugha hiyo, unaojulikana kwa kifupi kama CET-4. Hufanywa Juni na Desemba, na watahiniwa ni mamilioni. Alama zote ni 710, na kusikiliza peke yake hubeba asilimia 35, sawa na kusoma. Katika vyuo vingi sauti hurushwa kwa masafa ya FM ndani ya eneo la chuo, na kila mtahiniwa huja na hedifoni yake yenye redio. Rekodi huchezwa mara moja tu. Maswali hayakuchapishwa, yanasikika. Kwenye karatasi kuna majibu ya kuchagua basi.

Juni 2016 sehemu hiyo ilibadilishwa. Mazungumzo mafupi yaliondolewa, na kipande cha imla, yaani kusikia kifungu na kuandika maneno yaliyoachwa wazi, nacho kikaondolewa. Nafasi yao ikachukuliwa na taarifa fupi za habari, zikifuatwa na mazungumzo marefu mawili na vifungu vitatu. Jumla ya maswali ni 25. Kuingiza habari za redio lilikuwa jambo jema, kwani ndicho Kiingereza ambacho mtu atakutana nacho duniani. Kuondoa imla, kwa maoni yangu, ilikuwa hasara, na nitaeleza kwa nini.

Mtihani huu ulizaa njia mbili za kujifunza zilizoishi pamoja. Ya kwanza ni ya kuwinda alama: kusoma majibu kabla ya sauti kuanza, kubashiri swali litakuwa nini, kuvizia neno moja lililo kwenye jibu, kuwa macho baada ya "but" kwa kuwa jibu mara nyingi hukaa hapo. Mtu mwerevu anaweza kufaulu hivyo huku nusu ya rekodi imempita. Njia hii haimfai kitu msikilizaji wa Mbuya. Mhadhiri hatoi majibu manne ya kuchagua, na mwenye nyumba anayedai kodi hatangulizi swali.

Ya pili ni ya kusikiliza kwa kina: kuchukua kipande kifupi, kukirudia, kukiandika neno kwa neno, kulinganisha na maandishi halisi, kisha kukisema kwa sauti sambamba na msomaji. Wengi waliifanya kwa matangazo ya Sauti ya Amerika yaliyotayarishwa kwa wanaojifunza, yaliyoanza Oktoba 1959 kwa msamiati wa maneno kama 1,500 na usomaji wa taratibu. Njia hii inachosha na haina mkato. Lakini inagusa ugonjwa wenyewe, na ugonjwa wenyewe uko katika umbo la silabi.

Silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu. Ziko chache zisizofuata kanuni, kama m ya "mtu" au maneno ya kukopa kama "labda", lakini mazoea ya sikio letu ni kwamba baada ya konsonanti itakuja irabu. Ndiyo maana "blanket" tuliipokea tukaipa i mwishoni. Kichina sanifu nacho hakiruhusu konsonanti mwishoni mwa silabi isipokuwa n na ng, pamoja na r katika maneno machache. Sasa Kiingereza huja na "asked", ambamo konsonanti tatu zimerundikana mwishoni bila irabu ya kuzitenganisha. Mchina huzipoteza. Sisi tunazipoteza. Na humo mwishoni ndimo Kiingereza kimeficha wakati wa kitendo.

Hapa sisi tuna mzigo wa ziada. Kitenzi cha Kiswahili hutaja wakati mapema: li, na, ta, me hutangulia mzizi, na ukanushi hukaa mbele kabisa, kama katika "siwezi" au "hatujui". Sikio lililolelewa hivyo linapolegea baada ya mzizi wa kitenzi, linadhani kazi imekwisha. Hapo ndipo Kiingereza kinaponong'ona -ed ya "asked" au t ya "can't". Mwanafunzi anaondoka mhadharani akiamini ameruhusiwa kumbe amekatazwa. Dawa ipo, nayo si kuitafuta t hiyo. Kwa msomaji wa Uingereza, "can" isiyo na mkazo hufifia mpaka irabu yake haijulikani, ila "can't" hutamkwa kwa a nzito na ndefu. Mmarekani naye huimeza t mara nyingi, lakini uzito wa irabu haubadiliki. Kwa hiyo pima uzito: ikipita haraka, inawezekana, ikisimama, haiwezekani.

Jambo la pili ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo ukiusikia unajua neno li karibu kufungwa. Kiingereza kina tabia tofauti. Mwaka 1987 Anne Cutler, mtafiti wa saikolojia ya lugha kutoka Australia, pamoja na David Carter, walionyesha kuwa kiasi cha asilimia 90 ya maneno yenye maana katika mazungumzo ya Kiingereza huanza kwa silabi nzito. Mwingereza akisikia silabi nzito huanza neno jipya kichwani mwake. Mswahili akiisikia silabi hiyohiyo hujiandaa kufunga neno. Ni hapo sentensi nzima inapokatwa vibaya, na mtu analalamika kwamba wasemaji wanasema haraka mno. Mara nyingi kasi haina hatia. Mipaka ya maneno ndiyo imehama. Mwanafunzi wa Goma ana faida kidogo, kwa sababu Kifaransa cha shule kimemzoesha maneno kuungana, ila Kifaransa nacho huweka mkazo mwishoni mwa kundi la maneno, na hivyo humzidishia mazoea yaleyale.

Tuone inavyofanyika. Chukua sentensi hii, ya aina inayosikika katika habari siku yoyote: "Police said they had asked them to leave the market an hour ago." Msikilizaji wa Kiswahili akipewa imla yake anaweza kuandika: "Police say they ask them to live the market and our ago." Mwalimu asiyechambua atasema sentensi imekosewa vibaya, akamtuma mwanafunzi akaongeze msamiati. Lakini tazama makosa moja moja. "Said" imekuwa "say" kwa sababu d imemezwa na th inayofuata. "Had" imefifia mpaka imetoweka. "Asked" imepoteza mkia. "Leave" na "live" zimechanganywa kwa kuwa Kiswahili kina irabu tano na Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu kama ishirini. I yetu moja inabeba mbili zao. "An hour" imekuwa "and our" kwa sababu "and" mara nyingi husemwa bila d, na "hour" na "our" hutamkwa sawa. Makosa matano, na hata moja halikutokana na kutojua neno.

Hiyo ndiyo thamani ya imla: inaonyesha mahali sikio lilipokatika. Swali la kuchagua huonyesha tu kwamba limekatika. John Field, katika kitabu chake cha 2008 kuhusu ufundishaji wa kusikiliza, alitetea jambo hilihili: mwalimu asihesabu majibu sahihi tu, achunguze yasiyo sahihi yametoka wapi. Ningependa kila mwanafunzi wa Mbuya awe na daftari lenye safu nne: sauti iliyomezwa, irabu iliyochanganywa, mpaka wa neno uliokosewa, na neno ambalo kweli halijui. Baada ya vipande kadhaa ataona safu moja inajaa kuliko nyingine, naye atajua cha kufanyia kazi. Kipande kisizidi sekunde arobaini. Asikilize mara ya kwanza bila kalamu ili apate maana ya jumla, kisha aandike sentensi kwa sentensi akirudisha nyuma, na asiyatazame maandishi halisi mpaka awe amekiri kwamba hapati zaidi. Mwisho aseme sambamba na msomaji, akimeza anachomeza na kukaza anachokaza. Ulimi ukishaweza kumeza d ile, sikio huacha kuitafuta.

Ila sauti gani? Hapa ndipo mbinu ya China inapohitaji kurekebishwa kwa ajili ya Kampala.

Rekodi za mtihani wa China husomwa kwa lafudhi za Marekani na Uingereza, studioni, mtu mmoja baada ya mwingine. Kiingereza cha Uganda huzipa silabi uzito unaokaribiana, na "of", "to" na "can" mara nyingi huja na irabu kamili. Mwenye lugha ya Kiganda anaweza pia kuleta r na l kwa kanuni ya lugha yake, ambamo r hufuata e na i, na l hukaa kwingine. Mchina aliyefaulu mtihani wake vizuri na kuja kufanya kazi Kampala ana kila sababu ya kubabaika sokoni Nakawa, kwa kuwa amezoea kusikia silabi zilizofifia na hapa hazififii. Msikilizaji wetu ni kinyume chake: akizoea Kiingereza cha Kampala tu, ambacho mdundo wake uko karibu na Kiswahili, atajiona amefika, kisha afungue rekodi ya mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, IELTS, na kuanza upya.

Ushauri wangu ni kuanzia nyumbani. Mijadala ya Capital FM 91.3 au KFM 93.3 ina faida ya kuzungumzia mambo ambayo msikilizaji tayari anayafahamu: barabara, bajeti, Bunge. Akijua habari yenyewe, akili hubaki na nafasi ya kushughulikia sauti. Kasoro yake ni kwamba mijadala haina maandishi ya kulinganisha, hivyo hapo asifanye imla, asikilize kwa wingi tu. Imla aifanye kwa sauti zenye maandishi, na ziko bure mtandaoni, zikiwemo za BBC kwa wanaojifunza. Azipakue mara moja mahali penye intaneti na azirudie bila kutumia bando.

Kuna zoezi moja ambalo ningelitanguliza kwa yeyote anayeishi Mbuya, kwa sababu kosa lake hulipwa kwa fedha: "thirteen" na "thirty", "fifteen" na "fifty". Vitabu husema tusikilize mkazo, kwamba "thirteen" hukazwa nyuma na "thirty" mbele. Ni kweli neno likiwa peke yake. Likifuatwa na neno zito, kama katika "thirteen thousand", mkazo hurudi mbele, na tofauti inayobaki ni urefu wa irabu na ile n ya mwisho. Mchina husaidiwa na n hiyo, kwani lugha yake inayo mwishoni mwa silabi. Sisi hatuna mazoea hayo, kwa hiyo tunalazimika kujifunza kuivizia. Rekodi bei ishirini kwa sauti ya rafiki anayesema Kiingereza vizuri, zichanganye, ziandike kwa tarakimu, halafu uhakiki naye.

Sidai kwamba njia hii inapendeza. Dakika ishirini za imla humchosha mtu kuliko saa nzima ya filamu, na ndiyo sababu wengi huchagua filamu yenye maandishi chini, ambayo kwa kweli ni zoezi la kusoma. Lakini filamu haimwambii mtu kwamba anapoteza d.

Walimu wa Kiingereza wa MUBS, wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, na wa madarasa ya jioni yanayowapokea wakimbizi wa Kongo mjini Kampala, nawaomba jambo moja. Tengeni dakika kumi za mwanzo wa kila kipindi kwa imla ya sentensi tatu kutoka redioni, na mkusanye makosa bila kuyapa alama. Katika muda wa wiki chache mtakuwa na orodha ya mahali masikio ya Kiswahili yanapokatika, iliyotoka kwa wanafunzi wenu wenyewe. Vitabu vinavyotumika madarasani havina orodha hiyo, kwa sababu havikuandikwa kwa ajili ya msikilizaji wa Kiswahili.