Takhmisi na Leseni Huria

Miongoni mwa aina za ushairi wa Kiswahili iko moja ambayo asili yake ni kutungwa na watu wawili. Hiyo ni takhmisi. Mshairi huuchukua utungo wa mwingine aliyemtangulia, wenye mishororo miwili miwili, akatia mitatu yake mbele ya kila miwili, ubeti ukawa na mitano. Iliyo mashuhuri ni ile ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, aliyeishi katika karne ya 18, juu ya utungo unaonasibishwa na Fumo Liyongo. Sayyid Abdallah hakuomba ruhusa, maana wa kuombwa alikwisha kufa zamani. Wala hakulificha jina la aliyemtangulia. Hakuna aliyemwita mwizi. Utungo wa kale ulizidi heshima, na umri wake ukarefuka.

Desturi hiyo yafaa kukumbukwa wakati huu ambapo waandishi na wachapaji wanabishana juu ya leseni huria, kwa kuwa wengi huzitaja kana kwamba ni mambo ya kompyuta na ya wanasheria tu. Leseni ni andiko. Na andiko lolote laweza kusomwa na mhakiki, likapimwa kwa linalosema na kwa linalonyamazia.

Leseni zinazojulikana zaidi ni za Creative Commons, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 2001, na mmoja wa waanzilishi wake ni Lawrence Lessig, mwalimu wa sheria. Mwaka 1998 Bunge la nchi hiyo lilikuwa limeongeza miaka 20 juu ya muda wa hakimiliki. Eric Eldred, aliyekuwa akiweka vitabu vya kale katika intaneti ili visomwe bure, alikwenda mahakamani kuipinga sheria hiyo. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ikamkatalia. Lakini leseni za kwanza zilikwisha kutolewa Desemba 2002. Sheria ilibaki vile vile, ila mtunzi alipata maneno ya kutangulia kusema kabla hajaulizwa: chukua, kwa masharti haya.

Masharti yenyewe ni manne. La kwanza ni kumtaja mtunzi. La pili, kutofanya biashara kwa kazi yake. La tatu, kutoigeuza. Na la nne, kwamba mwenye kuigeuza aitoe kazi mpya kwa leseni ile ile. Kwa kuyachanganya masharti hayo hupatikana leseni sita, na sharti la kumtaja mtunzi limo katika zote. Hapo ndipo ulipo wepesi wake. Mtunzi hupima mwenyewe atoe kiasi gani na azuie kiasi gani, naye hubaki mwenye mali.

Sharti la tatu huwavutia waandishi waoga. Mtu ameitaabikia kazi yake, hataki iguswe. Ni haki yake. Lakini atazame anachokikataza. Kwa sharti hilo kazi yaweza kunakiliwa na kugawiwa kama ilivyo, basi. Takhmisi juu yake haiwezi kutolewa kwa watu. Hata tafsiri haiwezi, kwa kuwa sheria huihesabu tafsiri kuwa ni kugeuza. Mwandishi wa Kiswahili anayetamani kusomwa Kigali au London, kisha akaweka sharti la tatu, amewafungia mlango wafasiri, pengine bila kujua.

Sharti la pili lina ila ya namna nyingine: halieleweki upesi. Biashara ni nini? Mwaka 2014 mahakama ya mji wa Cologne, Ujerumani, iliamua kwamba redio ya umma ilivunja sharti hilo ilipoitumia picha ya mtu katika tovuti yake, ijapokuwa haikuiuza. Mwaka huo huo mahakama ya rufaa ilikataa maana hiyo. Hata hivyo redio haikutoka salama, kwa kuwa ilikuwa imeikata picha, na jina la mpigaji likakatika nayo. Katika shauri lililoanza kwa ubishi wa biashara, kosa lililobaki likawa la jina. Sayyid Abdallah angalielewa.

Kwa mtunzi wa Kiswahili, basi, sharti la pili lina utata lakini lina faida, na la tatu halina utata lakini lina hasara. Swali la mwandishi ale nini si la kupuuzwa, na watetezi wengi wa leseni huria hulipita mbio mno. Leseni hizi hazirudishwi: mwenye kuitoa riwaya yake leo aweza kuacha kuigawa kesho, ila hawezi kumnyang'anya aliyekwisha kuipokea. Mtoaji asiyeweka sharti la biashara hana la kusema mchapaji mwenye fedha akiichapa na kuiuza. Aliyeliweka bado anacho cha kuuza: ruhusa ya biashara, kwa mkataba wa mbali, huku wanafunzi wakiisoma kazi yake bila malipo.

Mfano wa karibu ni African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ambao tovuti yake ilifunguliwa mwaka 2014. Hadithi zake za watoto ziko katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na mwalimu aweza kuitwaa hadithi, kuifasiri, kuifupisha na kuichapa, bila kumwandikia mtu barua. Kwa shule isiyo na maktaba hilo ni jambo kubwa. Uhuru huo una gharama yake pia, nayo hulipwa na lugha. Kila mtu akiweza kufasiri, tafsiri yenye Kiswahili safi hukaa bega kwa bega na ile iliyofuata sentensi za Kiingereza neno kwa neno. Leseni humtaka mfasiri aseme kwamba amegeuza, haimwulizi kama amegeuza vizuri.

Hapa desturi ya kale ilitangulia mbali. Watunzi wa tenzi waliweka mwishoni jina lao, wakamwomba msomaji asahihishe palipo na kosa. Wanakili wa Lamu na Pate walikuwa wajuzi wa lugha, na ombi hilo lilikuwa mikononi mwa watu wenye kuliweza. Leseni imeirudisha ruhusa ya kusahihisha, haikumrudisha mnakili. Wahariri wa kuifanya kazi hiyo yawapasa kutoka katika vyuo na shule, nao hawajulikani idadi wala mshahara.

Toleo la nne la leseni hizi, la mwaka 2013, humpa mtunzi asiyependezwa na kazi iliyogeuzwa haki ya kudai jina lake liondolewe. Fumo Liyongo hakuwa na njia hiyo. Mishororo yake miwili imekaa chini ya mitatu ya Sayyid Abdallah, ubeti baada ya ubeti, na msomaji huisoma yote mitano kwa pumzi moja.