Helmeti ya Mitumba

Soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, humvisha mwendesha baiskeli wa milimani kwa bei anayoimudu mwanafunzi. Jezi na glavu za mitumba nazisifu: kasoro zake huonekana kwa macho. Helmeti ndiyo ninayoipinga. Povu lake likipigwa hubonyea ili kichwa kisipasuke, na halirudii hali yake. Ganda laweza kung'aa huku ndani kumekwisha. Muuzaji hajui kama iliwahi kuanguka, wala mnunuzi hajui. Wenzangu husema yoyote ni bora kuliko kichwa kitupu. Huenda, lakini anayeiamini huachia breki mteremkoni. Jezi tununue Owino. Helmeti tudunduize tununue mpya.