Ufundi wa Iritongo

Ntimaru, huku Kuria Mashariki karibu na mpaka wa Tanzania, wizi wa ng'ombe umewazoesha watu kuamua mambo yasiyopatana. Aliyevunjiwa zizi anataka haki, na anaitaka leo. Ukoo nao unataka amani, maana mwizi ni mtoto wa mtu, na jamaa zake watabaki majirani kesi ikiisha. Ufundi wa iritongo, mkutano wa hadhara wa Wakuria, ambao nausifu bila kusita, ni kuyasikiliza madai yote mawili mpaka uamuzi ubebe sehemu ya kila moja: ng'ombe alipwe, faini itozwe, na aliyekosa abaki mtu wa kwao. Mvutano haukomi hapo. Wizi ujao utaurudisha, na watu watapima upya. Mwishoni mwa miaka ya 1990, sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanakijiji, walipoingia Kuria kutoka Tanzania, mizani iliegemea adhabu. Sungusungu wamelaumiwa mara nyingi kwa kuwapiga watuhumiwa, na huko ndiko kunakofika kikao kilichosahau dai la pili.

Wapo wanaosema mahakama yatosha, kwa kuwa sheria ina jibu moja. Lakini Katiba ya Kenya ya 2010 yenyewe, katika ibara ya 159, inaagiza njia za jadi za kusuluhisha migogoro ziendelezwe, kisha inazikataza kukiuka Sheria ya Haki. Imeyashika yote mawili kwa makusudi.

Pingamizi zito ni jingine. Inchama, baraza la siri la wazee wanaume, limekuwa likitoa idhini ya msimu wa ukeketaji, hata baada ya sheria ya 2011 kuupiga marufuku. Je, huo nao si mvutano wa kusawazishwa, mila upande huu na haki upande ule? Hapana. Katika kesi ya ng'ombe kila upande husimama ukasema, na hasara hulipika. Msichana hakuitwa kikaoni, na kinachokatwa hakirudishwi kwa faini yoyote. Linalobaki kwa wazee kupima ni swali gumu kweli: binti atambuliwe vipi kuwa amekua, kwa sherehe gani, zawadi gani na mafunzo ya nani, bila kisu? Hilo linastahili iritongo nzima, mama na mabinti wakiwa na kauli.