Maisha ya Watumishi Katika Bahasha Kuukuu

Kuna namna ya kuandika historia ya watumishi wa Mungu isiyoanza na mahubiri yao wala vitabu vyao, bali bahasha. Wakusanyaji wa stempu huchukua bahasha yenye jina la mchungaji au mmishonari, wakasoma stempu, muhuri wa posta, anwani na maandishi ya pembeni, kisha wakaunganisha vipande hivyo hadi mtu akaonekana: mwaka huu alikuwa hapa, mwaka ule akahamishwa, vitani akazuiliwa, uzeeni akarudi kwao. Sisi tunaofundisha historia ya Kanisa tumesoma kazi za aina hii na tumefaidika nazo. Lakini zina upungufu mmoja mkubwa, na upungufu huo unagusa orodha ya watu tunaowataja kila jubilei kuwa waanzilishi wetu.

Tuanze na sifa zake. Ripoti ya mmishonari iliandikwa ikiwalenga wafadhili Ulaya, na mwandishi alijua nini kingewafurahisha. Kumbukumbu za mzee zinaweza kuisogeza safari mwaka mzima mbele au nyuma. Muhuri uligongwa na karani asiyemjua mwandishi, aliyetaka tu kumaliza mfuko wa barua kabla meli haijaondoka. Kwa hiyo tarehe yake inaaminika kuliko tarehe nyingi zilizomo vitabuni.

Stempu nayo inatoa ushahidi hata muhuri ukiwa umefifia. Posta za Kijerumani za Dar es Salaam na Bagamoyo zilifunguliwa Oktoba 1890. Mwaka 1893 stempu za Ujerumani ziligongwa juu yake thamani za pesa, pesa 64 kwa rupia moja; kuanzia 1905 stempu zikawa na thamani za heller, heller 100 kwa rupia moja. Mwaka 1917, Waingereza wakiwa wameshika sehemu kubwa ya nchi, zikaja stempu zenye herufi G.E.A., na mwaka 1922 akatokea twiga wa Tanganyika. Anayejua mfuatano huu anaweza kuiweka bahasha isiyo na tarehe ndani ya miaka michache. Hiyo ni kazi ya kitaalamu, na hatuoni sababu ya kuidharau kwa kuwa wengi wanaoifanya wanaifanya kwa kujifurahisha.

Shida inaanza na majina ya mahali. Wilhelmsthal ya mihuri ya Kijerumani ndiyo Lushoto. Neu-Langenburg ndiyo Tukuyu. Moshi ni mtego zaidi: boma la Wajerumani lilikuwa juu mlimani, Old Moshi, na mji wa leo ulikua chini tambarare baada ya reli ya kutoka Tanga kufika mwaka 1911. Jina ni lile lile, lakini miguu ya mpeleka barua ilikuwa inakwenda mahali pawili tofauti. Tena muhuri hautaji mahali mchungaji alipolala. Unataja mahali barua ilipopokelewa na posta. Bruno Gutmann aliishi miaka mingi Kidia, na huduma yake yote ilizunguka vihamba, koo na majirani wa pale. Anayemfuatilia kwa mihuri atamwona mtu wa Moshi, na Kidia atapita kando yake.

Kuna mfano mzito zaidi. Johannes Rebmann alifika Rabai mwaka 1846 na hakuondoka hadi 1875. Posta ya India ilifunguliwa Zanzibar mwaka 1868, ikafungwa mwaka uliofuata, ikafunguliwa tena Oktoba 1875. Maana yake ni kwamba karibu miaka thelathini ya utumishi, pamoja na upofu uliomwingia mwishoni, ilipita pwani ambako karibu hapakuwa na posta ya kuigongea muhuri. Kwa kipimo cha bahasha, Rebmann hakuwa na maisha Afrika.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo sura wanayoipenda wakusanyaji, na tunaelewa kwa nini. Mwanzoni mwa 1916 koloni liliishiwa stempu, na kiwanda cha uchapaji cha misheni ya Wuga, Usambara, kikachapa za dharura: heller 2½, heller 7½ na rupia 1. Kabla hazijatumika, meli ya Marie ilipenya kizuizi cha Waingereza ikiwa na shehena iliyokuwa na stempu ndani yake. Zile za Wuga zikafukiwa ardhini Morogoro zisitekwe, zikafukuliwa mwaka 1921, nyingi zikiwa zimeharibiwa na unyevu, na zikauzwa Ujerumani. Kisa kitamu, na kinasimuliwa sana. Lakini Wuga ni Vuga yetu, makao ya zamani ya watawala wa Wakilindi, na mitambo ile ililetwa kwa kazi ya Injili. Kwamba ilitumikia serikali iliyokuwa vitani ni jambo la kulijadili na wanafunzi wa uchungaji kwa kipindi kizima. Orodha za stempu zimetengenezwa zieleze karatasi, wino na kasoro za herufi. Hazikutengenezwa zimuulize aliyesimama mbele ya kasha la herufi, wala kama aliona tofauti kati ya kuchapa wimbo na kuchapa stempu ya dola.

Halafu kuna barua za kifungoni. Wamishonari Waingereza walizuiliwa na Wajerumani, wengine Tabora, hadi Wabelgiji walipoingia Septemba 1916. Baadaye zamu ikageuka, na Wajerumani wakapelekwa Misri na India. Bahasha zao zina mihuri ya kambi na ya wakaguzi, na hazina stempu, kwa kuwa Mkataba wa Hague wa 1907 uliruhusu barua za wafungwa wa vita zisafiri bure. Ukizipanga mezani unaona mateso ya mtu hatua kwa hatua. Lakini walimu Waafrika wa misheni za Kiingereza nao walifungwa na Wajerumani, wengine wakateswa kwa kudhaniwa wapelelezi. Mkusanyaji akiandika sura ya "wachungaji vitani" kwa bahasha peke yake, sura hiyo itakuwa na Wazungu tu, naye hatakuwa amedanganya popote.

Huu ndio upungufu tuliousema. Mwaka 1920 wamishonari wa Leipzig walifukuzwa Kilimanjaro, na Gutmann alikaa Ujerumani hadi katikati ya miaka ya ishirini. Kwenye mfululizo wa bahasha zake hilo ni pengo. Mlimani halikuwa pengo. Walimu wenyeji waliendesha ibada, walifundisha kipaimara na kuzika wafu, na Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walipokuja kusaidia walikuta sharika zikiwa hai. Mwalimu wa mtaa mmoja alipomwandikia mwenzake wa mtaa wa pili, alimpa karatasi mtoto wa shule au mama aendaye sokoni. Barua hiyo haikugongwa muhuri.

Wala si jambo geni katika imani yetu. Nyaraka za Paulo zilisafiri hivyo hivyo, na yeye hakuwaficha wabebaji: Fibi anatajwa kwa jina, Tikiko anatajwa, hata mwandishi Tertio anapata nafasi ya kusalimia. Uthibitisho wa waraka ulikuwa mwandiko wa mtume na uso wa aliyeuleta. Kanisa lilisoma historia yake bila posta kwa karne nyingi, na halikuona kwamba limepungukiwa.

Kwa hiyo hatusemi bahasha zitupwe. Tunasikitika kila tunapoona zilizotolewa stempu kwa mkasi, anwani ikaenda na takataka, maana pale penye "kwa mkono wa" ndipo mara nyingi hutokea jina la mwinjilisti ambalo halimo kwenye ripoti yoyote. Tunachodai ni kwamba anayeandika maisha ya mchungaji kwa bahasha aziweke pembeni ya vitabu vya usharika. Kwetu barua haiji mlangoni, inakwenda kwenye sanduku. Usharika unaweza kuwa na S.L.P. moja tangu kabla ya uhuru, na nyuma ya namba hiyo wakapita wachungaji watano. Muhuri wa Lushoto hauwezi kumtenga wa tatu na wa nne. Daftari la ubatizo linaweza, kwa sababu kila mmoja alitia sahihi.