Kabla ya Kulipia Kifurushi, Kagua Nguzo

Mpangaji anayehamia Nyasho, Bweri au Makoko mjini Musoma akitaka intaneti ya nyumbani huanza na swali la kasi: megabiti ngapi, na kwa shilingi ngapi kwa mwezi? Namba hiyo ndiyo inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye matangazo. Lakini kwa Musoma, Bunda na Butiama inapaswa kuulizwa mwisho. Kinachoamua kama mtoto atasoma mtandaoni jioni au atabaki akitazama kiduara kikizunguka ni mita chache za mwisho: nguzo iko wapi, waya utapita juu ya paa la nani, mwenye nyumba amekubali nini, ruta itakaa chumba gani.

Safari ndefu ya intaneti kabla ya mita hizo ilishapatiwa ufumbuzi zamani. Julai 2009 kebo ya baharini ya SEACOM ilianza kazi Dar es Salaam, na mwaka huohuo ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na shirika la mawasiliano la TTCL, ukaanza kuipeleka bara nuru inayobeba intaneti ndani ya nyuzi za kioo, yaani faiba. Kilichobaki kigumu ni kuitoa barabarani na kuifikisha sebuleni.

Hapo Bunda inatoa somo zuri. Mji umekaa kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma na Sirari, na nyaya za masafa marefu hupenda kufuata barabara. Mpangaji akiona mtaro umechimbwa na waya ukafukiwa mbele ya geti lake, anadhani amefika. Bado. Waya wa masafa marefu haufunguliwi kila penye nyumba. Unapita tu, kama treni isiyosimama vituo vidogo. Unachohitaji ni kisanduku cha usambazaji, kile kinachofungwa kwenye nguzo au ukuta wa mtaa na kutoa matawi ya kwenda majumbani. Kwa hiyo kabla hujamlipa dalali, zunguka mtaa na ukitafute. Muulize jirani mwenye faiba nyuzi zake zimetoka nguzo gani, kisha muulize wakala wa kampuni kama kisanduku hicho kina nafasi.

Nafasi ina maana yake ya kiufundi. Katika mfumo unaotumika zaidi kwa faiba ya majumbani, uzi mmoja wa kioo kutoka kituoni huhudumia wateja wengi. Njiani hukaa kigawanyio kisichotumia umeme, kinachoigawa nuru kwa nyumba 8, 16, 32 au hata 64. Kila ikigawanywa kwa mbili, nguvu yake inabaki nusu. Ikigawanywa kwa 32, imepoteza takriban desibeli 17 kabla haijagusa ukuta wako. Kisanduku cha ndani ya nyumba kinaweza kuisoma hadi karibu -27 dBm. Chini ya hapo taa nyekundu iliyoandikwa LOS inawaka na huduma inakatika. Ndiyo maana waya uliokunjwa kwa nguvu kwenye kona ya dirisha, au kiungio kilichoguswa kwa vidole vyenye mafuta, huharibu kazi nzima ingawa waya haujakatika. Fundi makini hubeba kipima nuru. Mwombe akuonyeshe namba kabla hajafunga kisanduku, na uiandike. Ikisoma kati ya -15 na -25, una akiba ya kutosha; ikisoma -26, umepewa huduma itakayokusumbua.

Kisha kuna mwenye nyumba. Kutoboa ukuta, kupigilia waya na kuupitisha juu ya bati la jirani ni mambo yanayohitaji ruhusa yake, na yaingizwe kwenye mkataba wa kupanga pamoja na swali la nani ataubeba waya na ruta ukihama. Nasema kwa uzito: anayejenga nyumba za kupangisha leo bila kuacha bomba la plastiki la kupitishia waya, kutoka ukuta wa nje hadi sebuleni, anawabebesha wapangaji wote watakaokuja gharama ambayo yeye angeimaliza kwa fedha kidogo wakati wa kupiga lipu.

Butiama ni hali nyingine. Kijiji kiko pembeni ya barabara kuu, nyumba zimetawanyika kati ya mashamba na mawe makubwa, na nguzo za ziada kwa kila mteja hupandisha gharama haraka. Mhadhiri au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere anayepanga mbali na nyaya atategemea ruta ya laini ya simu. Laini hiyo husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), kama laini nyingine zote. Iandikishe kwa jina lako, si la fundi.

Ruta ya namna hii ina ukurasa wake wa mipangilio, na wengi hawaufungui kamwe. Humo kuna namba mbili za kuangalia. RSRP ni nguvu ya mawimbi: -85 ni nzuri, chini ya -110 ni mashaka. SINR ni usafi wake, na kwangu ndiyo muhimu zaidi. Nyumba ya Musoma iliyoelekea ziwani huweza kusikia minara mingi kwa wakati mmoja kwa kuwa juu ya maji hakuna kizuizi. Vimistari vinajaa, SINR iko karibu na sifuri, na video haisogei. Bunda, nyumba iliyozibwa na mlima Balili huwa na shida ya kinyume: mawimbi ni machache tangu mwanzo. Masafa ya chini, ya megahezi 700 au 800, hupenya kuta na kuzunguka vilima vizuri zaidi kuliko yale ya 1,800 na kuendelea. Sogeza ruta dirisha kwa dirisha, subiri dakika moja, soma namba. Dirisha linaloutazama mnara wakati mwingine hushinda antena ya nje yenye waya mrefu, maana waya huo nao hula mawimbi.

Ndani ya nyumba, pima kwanza kwa waya uliochomekwa kwenye ruta, ndipo upime kwa waifai. Kwa waya ikiwa sawa na kwa waifai ikiwa mbaya, kampuni haina kosa: ni tofali, kabati, au ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni. Ukisoma kasi ya kupakua faili, kumbuka pia megabiti 20 ni megabaiti 2.5 kwa sekunde.

Umeme ukikatika, faiba ina faida kubwa, maana kigawanyio cha njiani hakihitaji umeme. Kinachobaki ni umeme wa nyumbani kwako: ruta inayokula wati 10 hukaa saa sita hivi kwa betri mpya ya volti 12 na ampea-saa 7.

Ipo na hitilafu isiyo ya nyumbani. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na hata mwenye faiba safi kabisa Musoma aliathirika. Kuitambua, pima muda wa kwenda na kurudi hadi seva ya Dar es Salaam, kisha hadi ya Ulaya. Kutoka Musoma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara. Nuru ndani ya kioo huenda kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi huchukua milisekunde 13 hata mambo yakiwa bora kabisa. Ukipata 30 hadi Dar huku Ulaya ikikwama, tatizo liko mbali nawe. Ukipata 300 hadi Dar, angalia nyumbani na mtaani kwako. Lalamiko lenye saa, kipimo cha waya na namba ya nuru ya siku ya kufungiwa lipelekwe kwanza kwa kampuni. Lisiposhughulikiwa, lipeleke TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, likiwa na namba hizohizo.