Mwiko Uliolika Upande Mmoja

Mwiko wa mama yangu umelika upande mmoja. Ukiulaza mezani utaona: ukingo wa kulia bado mnene kama ulivyotoka kwa mchongaji, wa kushoto umebaki mwembamba kama gamba. Hakuna aliyeuchonga hivyo. Ni miaka zaidi ya thelathini ya kusonga bukari, ugali wetu, kwa mkono uleule, kwa kuzungusha kuelekea upande uleule, juu ya mbabula, jiko la makaa, iliyoinama kidogo kwa sababu mguu wake mmoja ulivunjika zamani. Mti uliopungua hapo tumeula sisi, chembe kwa chembe, watoto saba na wageni wetu.

Hapa Kolwezi, mji wetu wa migodi kusini mwa Kongo, neno kula lina historia ndefu kuliko sufuria. Kabla ya reli na mashine, mafundi wa Kisanga na wa Kiyeke walikuwa wakingoja mavuno yaishe na kiangazi kiingie, wakaenda kuchimba malakiti, lile jiwe la kijani, wakaliyeyusha kwa makaa na mivukuto, wakamimina shaba kwenye kalibu za misalaba. Kazi hiyo iliitwa kula shaba. Mwaka 1926 mmisionari Mbenediktini Jean-Félix de Hemptinne alichapisha makala juu yao, na jina hilo, walaji wa shaba, likakaa vitabuni hadi leo. Siku hizi shaba na kobalti zinaondoka kwa malori usiku na mchana, na wanaozila ni wengi. Baadhi yao hata njia ya kuja Kolwezi hawaijui. Mimi nataka kusifu ulaji mwingine, ule wa saa saba mchana, ambao mafundi wake hawajaandikiwa makala.

Mtu asiyejua husema bukari ni unga na maji. Basi na msalaba wa shaba ni jiwe na moto.

Kwanza, uji. Mama huweka maji, na yakishapata uvuguvugu hutia unga kidogo, akakoroga mpaka uwe uji mwepesi, akafunika. Hapo ndipo wengi huharibu, kwa haraka. Uji lazima utokote. Lazima uanze kurusha matone yanayounguza mkono, mfuniko uruke, harufu ya vumbi la ghala itoke na harufu ya mahindi iingie. Bukari huiva kwenye uji. Kinachofuata ni kuikaza tu. Mama alikuwa akisema mwanamke asiyevumilia uji hatavumilia mume, na baba aliyekuwa kibarazani akijibu kwamba uji wenyewe hausemi maneno mengi hivyo.

Halafu unga wa pili, kwa konzi, huku mwiko hautulii. Sufuria ameibana kwa kipande cha kitenge, kiti chake ni kibao kifupi, mgongo umenyooka. Mwiko unakata, unabonyeza kwenye ukuta wa sufuria, unageuza. Kukata, kubonyeza, kugeuza. Nguvu haitoki mkononi kama nilivyodhani nilipokuwa mdogo. Inatoka begani na kiunoni, kama ya mtu anayepiga kasia. Na sikio linafanya kazi kuliko jicho. Bukari mbichi ni kimya. Iliyoiva hubanduka sufuriani kwa sauti, kama kiatu kinachochomoka matopeni. Mama akisikia sauti hiyo hulowesha kiganja, akaigusa juu mara moja, haraka, akasema: "Sasa njo bukari." Kabla ya hapo ilikuwa bado kitu kingine.

Mimi nilijifunza hayo kwa aibu. Nikiwa mwanafunzi Lubumbashi, tulipanga chumba vijana watatu, na zamu yangu ya kwanza ya kupika nilitia unga wote kwa mkupuo kwenye maji yaliyokuwa yakichemka. Yalitokea madonge. Nje yalikuwa laini, ukiyapasua ndani unakuta unga mkavu mweupe kama chaki. Wenzangu walikula kwa adabu. Mmoja wao, Mtshokwe kutoka upande wa Dilolo, aliuliza polepole kama kwetu mayai huchemshwa na unga ndani. Kuanzia siku hiyo nilipewa kazi ya kuosha vyombo, na nilipofika nyumbani likizoni nikaketi karibu na mbabula na kutazama, mwanamume mzima, wadogo zangu wakicheka.

Bukari hii ya mahindi, ambayo leo tunaapa kwamba ni ya mababu, haikuanza na mababu wote. Wazee wa eneo hili walikuwa na mtama na ulezi, na magharibi, kwa Walunda na Watshokwe, muhogo. Mahindi meupe yalienea zaidi kwa njia ya kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli kutoka Rhodesia ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mabehewa yaliyokuja kuchukua madini yalileta magunia ya unga. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliamua kwamba mfanyakazi aliye na mke kambini hakimbii, hivyo ikaanza kujenga nyumba za familia na kugawa poso: unga, mafuta ya mawese, karanga, samaki mkavu, chumvi. Kila kitu kilipimwa. Karani alikuwa na mizani na daftari, na kwenye daftari mtu alikuwa idadi ya gramu.

Ninapofikiria ustadi wa kusonga, humfikiria mwanamke wa kwanza wa kambi aliyepokea unga huo. Hakuuchagua, hakuulima, hakuutwanga. Ulitoka kwenye gunia lenye maandishi ya kigeni, sawa kabisa na wa jirani yake na jirani wa jirani yake, na kwenye mstari wa kambi kulikuwa na Mluba wa Kasai, Mbemba, Msanga, Mlunda. Jioni ile zilitoka bukari za namna nyingi kutoka gunia moja. Huyu kaikaza, yule kaiacha laini. Mmoja amechanganya na unga wa muhogo kama walivyozoea kwao, ikavutika. Mwingine ameitengeneza kwa kikombe kilicholoweshwa, ikatoka mviringo kama mayai ya mbuni. Kampuni ilitoa chakula cha mfanyakazi. Chakula cha fulani mwana wa fulani kilitoka kwenye mwiko.

Gécamines, kampuni ya serikali, ilipoirithi Union Minière iliendeleza desturi ya kugawa chakula, mpaka mambo yalipoharibika. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, mishahara ikaanza kuchelewa, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi elfu kumi wakaachishwa kazi kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Daftari la poso likafungwa. Mwiko haukuwa umeandikwa humo, ukabaki.

Kwa habari ya unga wa kuchanganya nina upande, na sifichi. Mahindi peke yake hushibisha haraka na hukauka haraka. Muhogo uliolowekwa siku tatu nne, ukaanikwa, ukatwangwa na kuchekechwa, ukitiwa theluthi moja, bukari inapata mvuto na uchachu mdogo unaoita mboga. Mke wangu hatii muhogo. Tumezungumza mara nyingi.

Na bukari bila mboga ni adhabu. Ya kwanza kwetu ni sombe, majani machanga ya muhogo. Yana sumu, sayanidi, ndiyo maana mbuzi mwenye akili hayashambulii ovyo. Kinu huyapasua sumu ikatoka, na moto mrefu wa sufuria iliyo wazi huifukuza. Ni kemia ambayo nkambo zetu, yaani bibi zetu, waliifanya bila kuitaja. Sombe iliyosagwa kwa mashine sokoni naila, lakini imekuwa uji wa kijani. Ya kinu hubaki na nyuzinyuzi, na nyuzi ndizo zinazoshika mafuta ya mawese na karanga. Jioni ya utoto wangu katika mtaa wa Manika ilikuwa sauti ya vinu. Ungeweza kujua nani anakula nini, na nani leo hana.

Mama husimulia kwamba Mei 1978, waasi walipoingia Kolwezi tarehe 13 na kabla askari wa Ufaransa hawajashuka kwa miavuli tarehe 19, siku zile watu wakiwa wamejifungia, sombe ilikuwa bustanini, hatua kumi kutoka mlangoni, na hakuna aliyethubutu kuipika. Si kwa kukosa moto. Kinu kina kelele. Walikula lengalenga, yaani mchicha, kwa sababu lengalenga haitwangwi, na bukari ilisongwa taratibu, mwiko ukizungushiwa kitambaa usigonge sufuria. Anasema bukari ile iliiva vizuri kuliko zote. Nadhani njaa iliongeza chumvi, lakini simwambii.

Mvua zikianza, Novemba na Desemba, mezani huingia pori. Masuku kwanza, matunda ya rangi ya kahawia yanayouzwa kandokando ya barabara kwa beseni. Halafu wadudu wa majani, wale viwavi wa mtondo na miti mingine ya miombo, wanaochemshwa, wakakaushwa, wakakaangwa na kitunguu mpaka waseme krr chini ya jino. Halafu bowa, yaani uyoga. Uko wa vichuguu, wenye kofia ambayo ikikua sana hufika karibu upana wa mita 1, ukabebwa kichwani kama mwavuli. Na uko mdogo wa manjano unaoota penye mizizi ya miti na usiokubali kupandwa na mtu. Mama huupika na karanga za kutwanga, bila nyanya. Nyanya, anasema, ina domo, inausemea uyoga.

Hapa kuna jambo linalonikera na sina dawa yake. Bukari yetu huiva kwa makaa, na makaa ni miombo iliyokatwa. Uyoga ule mdogo huishi na mizizi ya miti hiyo. Viwavi hula majani yake. Kila sufuria ninayoisifu hapa inatafuna kidogo mboga ya mwaka ujao, na migodi inayopanuka inatafuna mengine kwa mafungu makubwa zaidi. Mama muuzaji niliyezoea kununua bowa kwake zamani aliutoa nyuma ya mji kwa miguu. Sasa hupanda pikipiki.

Siku ya wageni kuna munkoyo. Uji wa mahindi hupikwa, huachwa upoe hadi vuguvugu, kisha hutiwa mizizi ya munkoyo iliyopondwa mpaka ikawa kama katani. Subiri, utaona ajabu: uji mzito unalegea wenyewe, unakuwa maji matamu, kwa sababu mzizi ule una vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari. Siku ya kwanza wanakunywa watoto. Siku ya tatu wanaulizia wazee.

Kula kwenyewe kuna taratibu. Mdogo kuliko wote huzunguka na birika na beseni, akimwagia maji mikono, kuanzia kwa mgeni. Sahani moja kwa wanaume na wavulana, moja kwa mama na wasichana. Nyumbani kwangu tumeshaziunganisha, na baba alipotutembelea alitazama, akanyamaza, akala. Unakata tonge, unaliviringisha kiganjani, unalibonyeza kwa kidole gumba lipate kibonde, unachota mboga. Samaki wa ziwa Nzilo akiwepo, kichwa ni cha mkubwa. Anayezungumza sana hushiba kidogo, ndiyo maana meza yetu ilikuwa tulivu mpaka sahani ionekane sakafu yake.

Unga bado hutoka mbali. Mwingi huingia Kasumbalesa, kutoka Zambia na hata Afrika Kusini, na kule kukipata kikohozi, huku tunalazwa. Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame wake kuwa janga la taifa, na mfuko wa kilo 25 ukawa habari ya kila kibaraza. Mama hakulalamika. Aliongeza muhogo, nusu kwa nusu, akasonga muda mrefu zaidi. Mke wangu alikula. Nilitulia.

Mwezi uliopita binti yangu, ana miaka kumi na mmoja, aliomba kusonga. Mama alimpa mwiko wake, heshima ambayo mimi sikupewa. Mtoto akakaa kwenye kibao, mgongo umenyooka, akavumilia uji, akatia unga kwa konzi, kila kitu sawa. Lakini madonge yakatokea. Akarudia siku ya pili, yakatokea tena, akaanza kulia kwa hasira. Mama alimtazama muda, kisha akacheka mpaka akashika ubavu. Mtoto ana shoto. Kila akibonyeza, ukingo ule mnene ndio unaofika ukutani, na mwembamba unapita hewani. Alijaribu kuugeuza, lakini mpini nao umejipinda kwa kiganja cha mtu mwingine.

Jumamosi nikaenda sokoni, nikanunua mpya. Mnene pande zote, mweupe, bado una manyoya ya tezo. Bukari ya kwanza ilinukia mti. Tuliila yote.