Watendwa Wawili Ndani ya Neno Moja

Kati ya vitabu juu ya Kinyarwanda, kile cha Alexandre Kimenyi, kilichopigwa chapa na Chuo Kikuu cha California mwaka 1980, chastahili kujulikana na wakatekista wa huku kwetu Mugunga. Ni kigumu, tena ni cha Kiingereza; lakini jambo lake kuu laelezeka kwa maneno machache.

Kwa Kiswahili twasema: “Baba alimpa mama kitabu.” Ile m ni mama. Kitabu hakina nafasi ndani ya kitendo, na asemaye “alikimpa” tutamsahihisha. Kinyarwanda chasema yakimuhaye: ki ni kitabu, mu ni mama, wamekaa pamoja. Tena chasema Igitabo cyahawe umugore, ni sahihi kabisa; kumbe kwetu “Kitabu kilipewa mama” ni kituko masikioni. Basi Kimenyi ashikilia kwamba watendwa hao wawili wana haki sawa.

Namkubali, ila si kwa yote. Kama ni sawa, mbona kila mmoja ana kiti chake? Hakuna asemaye yamukihaye. Apewaye ndiye hukaa karibu na shina la kitendo. Na wakiwa watu wawili, je? Pale msalabani Yesu alimkabidhi Mama yake kwa mwanafunzi. Ukisema yamumuhaye, ni mu na mu: nani amepewa nani? Asikilizaye kanisani hutambua kwa yale yaliyotangulia kusomwa, lakini mifano ya kitabu hiki, kwa sehemu kubwa, ni sentensi moja moja, hazina la mbele wala la nyuma. Hapo ningalipenda kurasa zaidi.

Hata hivyo faida yake si haba. Katika Baba Yetu, Mnyarwanda husali uriduhe: chakula kimo, na sisi tumo. Sisi twasali “utupe”, na mkate wangoja nje. Sasa, parokiani mna watu wengi waliotoka Rutshuru na Masisi, waliojifunza sala kwa Kinyarwanda. Nimesikia wakatekumeni wakichekwa kwa “alikimpa” yao, hata wengine hawajibu tena swali lolote, ingawa jibu wanalo. Aliyemwelewa Kimenyi hatacheka. Ajua kwamba mtu huyo amefuata sheria halali ya lugha ya mama yake, ila Kiswahili kina kiti kimoja tu. Atamwambia: mweke ndani yule apewaye, kitabu kibaki nje, kisha amwache amalize jibu lake.